Uende ukiwa mchumba, au mfunge ndoa nyumbani kwanza? Uingereza, Marekani na Ujerumani

Swali hili huwajia watu ambao mambo makubwa wameshakubaliana. Mmoja yuko Leicester, Minneapolis au Hamburg. Mwingine yuko Tanga, Kisumu au Bujumbura. Wazazi wameridhia, mahari imetajwa. Kilichobaki ni jinsi ya kuvuka, na njia zipo mbili. Ya kwanza ni viza ya mchumba: unasafiri kabla ya ndoa, mnaoana huko, kisha mnaomba kibali cha kukaa. Ya pili ni viza ya mwenza: mnafunga ndoa nyumbani, cheti kinatoka, ndipo maombi yanapelekwa.

Wengi huvutwa na ya kwanza kwa sababu inaonekana fupi. Mimi nasema kwa wengi wetu ya pili ndiyo bora. Gharama yake ni ndogo mwishoni, na anayehama anafika akiwa na haki zake mkononi. Zipo hali ambazo viza ya uchumba inashinda, na moja inahusu watoto. Nitaifikia.

Ada na viwango ninavyotaja ni vya 2024 na 2025. Uingereza hupenda kupandisha ada mwezi Aprili, kwa hiyo siku ya kulipa fungua tovuti ya serikali husika usome mwenyewe, usitegemee alichoambiwa binamu yako mwaka juzi.

Uingereza: pauni zinahesabika wazi

Masharti ya msingi ni yale yale kwa njia zote mbili. Mwenyeji awe raia au mtu mwenye ukaazi wa kudumu (yapo makundi mengine machache), nyote muwe mmetimiza miaka 18, muwe mmeonana ana kwa ana, anayehama awe na Kiingereza cha ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa) na cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Kipato cha mwenyeji kiwe angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza tarehe 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600. Mshahara wako wa Dar au Nairobi hauhesabiwi, hata uwe mnono. Asiye na mshahara huo anaweza kutumia akiba, lakini akiba peke yake iwe pauni 88,500 zilizokaa benki miezi sita.

Sasa tazama pesa. Ukiomba ukiwa mke au mume, ada ya viza kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 unatozwa miaka mitatu: 3,105. Jumla 5,043. Unafika na ruhusa ya kufanya kazi, na siku zako za kuelekea ukaazi wa kudumu zinaanza kuhesabiwa.

Ukiomba ukiwa mchumba unalipa 1,938 ile ile, bila tozo ya afya, unapewa miezi sita. Hapo ndipo watu husema "ona, nafuu!" Lakini ndani ya miezi hiyo sita hamruhusiwi kukaa tu. Mnatoa notisi ya siku 28 kwa msajili, mnaoana, kisha mnaomba upya kibali cha mwenza: pauni 1,321, na tozo ya afya ya miaka miwili na nusu, 2,587.50. Ukijumlisha yote ni 5,846.50, na kibali ulichopata ni cha miezi 30. Umelipa zaidi ya pauni 800 juu ya mwenzako aliyefunga ndoa nyumbani, umepata muda mfupi kuliko wake, hukuruhusiwa kufanya kazi mpaka kibali hicho kitoke, na miezi ya uchumba haiingii katika ile miaka mitano ya kupata ukaazi wa kudumu. Isitoshe, slipu za mshahara na taarifa za benki za mwenyeji zimekaguliwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Akipoteza kazi katikati, mmekwama.

Kuna viza nyingine ya Uingereza inayowapoteza watu: ya mgeni anayekuja kufunga ndoa tu. Hiyo ukishaoana unarudi nyumbani. Huwezi kuigeuza ukiwa huko.

Na kama mwenzako yuko Uingereza kwa kibali cha kazi, si raia wala mkaazi wa kudumu, habari yote hii haikuhusu. Wewe unaangalia viza ya mtegemezi. Wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, kazi iliyowachukua vijana wengi wa Kenya, walifungiwa mlango huo tarehe 11 Machi 2024: anayeomba kibali kipya cha kazi hiyo tangu siku hiyo hawezi kumleta mke, mume wala mtoto. Mwulize mwenzako kibali chake kinaitwaje na kilitolewa lini kabla ya kuanza kushona gauni.

Marekani: K-1 dhidi ya CR-1

Hapa majina yenyewe yanatumika mitaani kama yalivyo. K-1 ni ya mchumba, CR-1 ni ya mwenza ambaye ndoa yake haijafikisha miaka miwili siku anapoingia nchini, IR-1 ni ya ndoa iliyopita miaka miwili.

K-1 inaombwa na raia tu. Mwenye grini kadi hawezi. Muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kupeleka fomu, na ukiingia mna siku 90 za kufunga ndoa. Siku 90 zikipita bila ndoa, unatakiwa kuondoka, na huwezi kubaki kwa kuolewa na mtu mwingine. Mkishaoana, bado huna grini kadi: mnapeleka fomu I-485 na kusubiri tena.

| | K-1 | CR-1 / IR-1 |
|---|---|---|
| Fomu ya kwanza | dola 675 | dola 675 (625 mtandaoni) |
| Hatua ya viza | 265 | 325, pamoja na 120 za kukagua udhamini |
| Baada ya viza | 1,440 za I-485 | 235 za kutengeneza kadi |
| Jumla | 2,380 | 1,355 (1,305 mtandaoni) |
| Kufanya kazi | baada ya kibali kutoka | tangu siku ya kwanza |

Vipimo vya daktari havimo. Kwenye K-1, ukitaka kibali cha kazi wakati I-485 inasubiri, ongeza dola 260, na ukitaka ruhusa ya kusafiri nje na kurudi, ongeza 630. Hiyo ya kusafiri watu huidharau mpaka msiba utokee nyumbani. Aliyeingia kwa K-1 akiondoka bila ruhusa hiyo wakati I-485 haijajibiwa, anahesabiwa ameliacha ombi lake. Aliyeingia kwa CR-1 anaondoka na kurudi kwa kadi yake.

Kipato: kwa mwenza, mdhamini aonyeshe asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali, ambacho kwa kaya ya watu wawili mwaka 2025 kilikuwa dola 21,150, yaani takriban 26,437. K-1 inaanza na asilimia 100, lakini ukifika hatua ya I-485 ile 125 inakusubiri. Ikipungua, mdhamini wa pili anaruhusiwa, hata akiwa rafiki wa msikitini au kanisani, ilimradi awe raia au mkaazi wa kudumu na akubali kubanwa kisheria. Uingereza haina msaada wa namna hiyo.

Faida nyingine ya ndoa ya mapema ni kwamba saa inaanza kutembea siku ya cheti. Maombi yakichelewa mpaka ndoa ikavuka miaka miwili kabla hujaingia, unapewa IR-1 na kadi ya miaka kumi moja kwa moja. Wa CR-1 anapewa kadi ya miaka miwili na lazima aombe masharti yaondolewe katika siku 90 za mwisho, tena kwa ushahidi wa ndoa.

Lakini Marekani ina jambo la kuangalia kabla hujalipa hata senti. Matangazo ya rais ya 2025 yalizuia viza za raia wa nchi kadhaa: la Juni liliigusa Burundi na Somalia, na Desemba orodha ikapanuliwa, Tanzania ikaingizwa. Masharti na misamaha yake hubadilika kutoka tangazo moja hadi jingine. Ada ya fomu ikishalipwa hairudi, kwa hiyo tazama nchi ya pasipoti yako iko upande gani wiki ile unayotaka kuanza.

Kwa ndugu zetu Wakongomani na Warundi waliofika Marekani kama wakimbizi, kabla ya kufikiria K-1 wala CR-1, ulizeni kuhusu fomu I-730, ya mkimbizi kumwombea mwenza wake. Haina ada. Inamhusu mke au mume ambaye ndoa yake ilikuwapo kabla mkimbizi hajaingia Marekani, na inatakiwa ipelekwe ndani ya miaka miwili tangu alipofika. Wengi huisikia muda umeshapita.

Ujerumani: pesa kidogo, Kijerumani lazima

Viza ya taifa ni yuro 75, uwe mchumba au mke. Hakuna tozo ya afya ya kulipa mbele. Na kama mwenzako ni raia wa Ujerumani, kwa kawaida kipato chake hakitumiki kukuzuia. Akiwa mgeni mwenye kibali cha kukaa, ndipo huulizwa juu ya mshahara na ukubwa wa nyumba.

Mlango wenyewe ni mtihani wa A1, na hauukwepi kwa kwenda ukiwa mchumba. Wanaosamehewa ni wachache, kwa mfano mke au mume wa mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya (kibali cha wataalamu wa kigeni). Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Nairobi na Dar es Salaam, na mtihani wake wa Start Deutsch 1 unajulikana: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza, alama 60 kati ya 100 zinatosha. Kwenye kuandika unapewa fomu yenye nafasi tano tupu za kujaza, kisha unaandika ujumbe mfupi wa maneno kama 30 unaojibu mambo matatu. Kwenye kuzungumza mnakaa kikundi, kadi inawekwa mezani ina maneno saba: jina, umri, nchi, mahali unapoishi, lugha, kazi, unachopenda. Unajitambulisha kwa kuyafuata. Halafu anayesimamia anakuomba utaje herufi za jina lako moja moja na kusema namba, kwa mfano ya simu. Hapo ndipo wanaokariri sentensi hukwama, maana Kijerumani husema 47 kwa kuanza na saba. Jizoezeni namba kwenye simu kila jioni. Mwenzako huko ndiye mwalimu wa bure.

Kwa mchumba, kizito si ubalozi bali Standesamt, ofisi ya msajili wa ndoa ya mji atakaoolewa. Inadai cheti kwamba huna kizuizi cha kuoa au kuolewa, au msamaha wa cheti hicho kutoka mahakama ya juu ya jimbo, pamoja na nyaraka zako zote zilizotafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Nyaraka za Kenya na za nchi nyingine kadhaa hutumwa kuchunguzwa na mwanasheria anayeaminiwa na ubalozi, kwa gharama yenu. Hayo yote yaishe kwanza, ndipo viza itoke.

Ukifunga ndoa Nairobi au Arusha, mzigo unahamia kwa Mjerumani: yeye ndiye anayeleta cheti cha kutokuwa na kizuizi kutoka Standesamt ya kwao, na kwake ni karatasi rahisi kuliko kwako. Mnatoa notisi ya siku 21, mnafunga ndoa, unaomba viza ya kuungana na mwenza. Uchunguzi wa nyaraka unaweza kuwapo bado, lakini ukifika unafanya kazi mara moja. Baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja na Mjerumani, ukiwa na Kijerumani cha B1, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Ipo hadithi inayozunguka: "chukua viza ya kutembea, mkaoane Denmark, mtarudi Ujerumani mmeshakuwa mke na mume." Ndoa ya Denmark inatambulika kweli. Ila viza ya matembezi haikupi haki ya kubaki, na wengi huambiwa warudi nyumbani wakaombe viza sahihi, sasa wakiwa na doa kwenye faili.

Cheti ndicho kinachoamua

Nimetetea ndoa ya nyumbani, basi niseme wazi mahali inapoangukia, maana hapa ndipo kesi nyingi huharibika.

Ndoa iliyofungwa mbele ya watu mia tatu, na shehe au mchungaji, haitoshi kama haina cheti cha serikali. Tanzania Bara cheti kinachotakiwa ni kile kilichosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe. Cheti kikiwa mkononi, kisome herufi kwa herufi. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili, cheti cha ndoa kimeandika Mwanahamis bila i ya mwisho: kwa afisa aliye Sheffield hao wanaweza kuwa watu watatu. Rekebisha au kula kiapo kabla ya kupeleka, si baada ya kukataliwa.

Talaka ya zamani ni jambo zito zaidi. Aliyeachwa kwa talaka ya mdomo, au kwa barua ya mume, anajiona huru na mbele ya dini yuko huru. Lakini Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, shauri hupita baraza la usuluhishi na talaka huthibitishwa na mahakama. Zanzibar na kwa Waislamu wa Kenya ni Mahakama ya Kadhi. Bila hati hiyo, ndoa yako mpya inaonekana imefungwa juu ya ndoa nyingine, na nchi zote tatu zitaikataa. Dada zangu wengi huanza safari ya viza bila kujua kwamba karatasi ya kwanza ya kutafuta ni ya ndoa iliyokwisha.

Ndoa ya kuwakilishwa, ambapo bwana yuko Texas na nikaha inasomwa Lamu kwa simu au kwa wakili, Marekani haiihesabu mpaka mkutane kimwili kama mke na mume baada ya akdi. Kwa hiyo bwana asafiri, tiketi na mihuri ya pasipoti itunzwe. Uingereza inaweza kuipokea kama ni halali ilipofungwa, lakini sharti la kuonana ana kwa ana liko pale pale.

Na mke wa pili: Ujerumani haitoi kibali kwa mke mwingine ikiwa mmoja anaishi na mume huko. Uingereza ina kizuizi kama hicho, na Marekani haitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza ipo. Mwanamume anayekwambia "tutalimaliza ukifika" anakuficha jambo.

Pale viza ya uchumba inaposhinda

Mama ana mtoto wa miaka 18, 19 au 20, na mchumba wake ni raia wa Marekani. Kwa njia ya ndoa, mtoto wa kambo anatambulika tu ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18. Amepita? Baba wa kambo hawezi kumwombea. Lakini kwa K-1, mtoto ambaye hajaoa au kuolewa na yuko chini ya miaka 21 anafuatana na mama kwa K-2. Mkifunga ndoa nyumbani bila kujua hili, mmemwacha mtoto nyuma kwa miaka. Na kinyume chake, mtoto akiwa na miaka 17, ndoa isogezwe mbele haraka, kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

Hali ya pili ni ya mwenyeji asiyeweza kukanyaga nchi ya mwenzake, kwa mfano aliyewahi kuikimbia. Wanaweza kuonana nchi ya tatu, lakini kufunga ndoa huko kukawa na vikwazo vya ukaazi. K-1 inawafaa. Ya tatu ni wazee wanaotaka harusi ifanyike huko kwa sababu familia nzima imeshahamia; hapo lipeni gharama ya ziada mkijua mnalipia nini.

Ukifika, nani anakulinda?

Ndoa nyingi ni njema. Lakini anayehama huacha kazi, ndugu na lugha, akaweka kila kitu kwa mtu mmoja, na viza mbili hizi hazimlindi sawasawa.

Uingereza, aliyeingia kwa viza ya mwenza akipigwa au kunyanyaswa na ndoa ikavunjika kwa sababu hiyo, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake. Aliyeingia kwa viza ya uchumba hana mlango huo. Marekani, wa CR-1 ni mkaazi tangu siku ya kwanza, na kama kuna ukatili anaweza kuomba masharti ya kadi yaondolewe bila saini ya mume. Wa K-1 ambaye bado hajaolewa hana karibu chochote. Akishaolewa, sheria ya kuwalinda wanaonyanyaswa inamruhusu kujiombea mwenyewe. Ujerumani, haki ya kukaa bila kumtegemea mwenzako huja baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja humo nchini, na ukatili wa nyumbani ni sababu ya kuifupisha. Aliye na viza ya uchumba bado hajaanza kuhesabu.

Hili ndilo linalonifanya nisimshauri binti apande ndege akiwa mchumba kwa sababu tu ya kuwahi miezi michache. Na akiondoka, kwa viza yoyote, pasipoti abaki nayo yeye. Cheti cha ndoa, ukurasa wa viza, namba ya faili la maombi na slipu za mshahara za mwenyeji vipigwe picha, nakala ziachwe kwa mama au dada anayejua kufungua barua pepe, na akaunti ya benki huko ifunguliwe kwa jina lake mapema.